Daktari Aliyekataa Kuapa

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa kijana, fundi wa mabati pale Makutano, zikiwa zimebaki wiki chache nimwoe Kagendo. Niligeuka kitandani, nyumba ikazunguka. Ikatulia. Nikageuka tena, ikazunguka tena. Mwanangu, fundi wa mabati asiyeweza kuinua kichwa atalisha nani?

Habari zilifika Timau kwa baba yake Kagendo, Mzee Mutwiri. Wengine walimwambia nimerogwa, wengine kwamba sitapanda paa tena. Yeye hakuvunja uchumba. Alivaa koti lake zito, akaja kunichukua twende kwa daktari wa masikio.

Daktari, mama mpole, alinigeuza kichwa upande mmoja, akanilaza ghafla. Chumba kikazunguka, nikamshika Mzee mkono, jambo ambalo kijana wa siku zile hangethubutu kumfanyia baba mkwe.

“Daktari,” Mzee akauliza, “huyu anataka binti yangu. Atapona ama hatapona?”

Daktari akatabasamu. “Mzee, ndani ya sikio lake kuna chembe ndogo zimetoka mahali pake. Kizunguzungu kinakuja akigeuka tu, kinaisha haraka, na anasikia vizuri. Wenye dalili hizi wengi hupona tukiwageuza kichwa kwa utaratibu. Natarajia atapona. Kuapa siwezi, na hata akipona, kinaweza kurudi.”

Akanigeuza kichwa polepole, huku na kule, kisha akanikalisha. Bado niliyumba kidogo. Nje nikanung'unika kwamba hata mganga angeniahidi kupona.

Mzee akasimama. “Koome, yule mama amekwambia anachojua, na pale anapofika mwisho wa kujua amekwambia pia. Sasa wewe unataka udanganywe?”

Tuliporudi kwa daktari mara ya pili, nilitoka pale nikitembea sawasawa, nikicheka peke yangu barabarani. Siku ya arusi Mzee alinizungusha kwenye ngoma mbele ya watu wote, akichungulia macho yangu kuona kama nitaanguka. Sikuanguka.

Miaka mingi baadaye kizunguzungu kilirudi kweli. Sikushtuka. Nilishuka kwenye paa, nikaenda hospitali, kikatulia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiugua, muulize daktari anatarajia nini na ni kwa nini anatarajia hivyo. Akikwambia hapa sina hakika, usimkimbie, maana huyo anakuheshimu. Mungu akupe afya, aibariki kazi ya mikono yako, na usikose mtu wa kukushika siku dunia ikizunguka.