Upanga Uliopimwa Bila Betri

Shemeji yangu ni fundi feni, na mtaani wanamwita Nimepima, kwa sababu ukimwambia feni yako bado inatetemeka, jibu ni hilo moja: "Nimepima." Mbishi yule, jamani! Akikwambia leo ni jana, kubali tu upumzike.

Mkewe, dada yangu, huzungusha upanga wa taa jukwaani. Ni plastiki tupu, unawaka bluu, ila taa zote zimejaa kwenye bapa, hivyo huelemea mbele. Tangu avunjike kifundo cha mkono, ulikuwa umeshamponyoka mara mbili mbele za watu. Kiongozi wa kikundi chao cha maonyesho akamwambia ukianguka tena, atakaa mlangoni akate tiketi. Dada akarudi nyumbani, akalia, akanawa uso, akamkabidhi mumewe upanga.

Shemeji akafungua mpini, akatia nati mbili kwenye kitako, akafunga. Akaulaza upanga juu ya kidole kimoja, ukatulia tuli.

"Umeona? Nimepima."

Dada akachomoa betri za upanga kwenye redio, maana bwana alikuwa amezihamishia humo asikilize mpira, akazirudisha mpinini. Akazungusha mara moja tu. Upanga ukaruka, ukapiga kabati.

"Mkono wako huo!" shemeji akaja juu.

"Shemeji," nikauliza taratibu, "ulipopima, betri zilikuwa wapi?"

Akaitazama redio. Mimi nilicheka, dada hakucheka. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya yeye kujaribiwa na kiongozi.

Shemeji akatoa nati moja. Safari hii hakulaza kitu kidoleni; alimwambia dada azungushe polepole, akamtazama mkono.

"Kumbe unashikia vidole viwili?"

"Tangu nivunjike."

Akaisogeza nati hadi dada akasema basi.

Kesho yake akatufuata ukumbini. Tangu waoane hakuwahi kukanyaga pale. Kazi ya mkewe aliiita michezo ya watoto. Taa zikazimwa. Upanga ukapita mgongoni, ukapanda juu ya kichwa, ukashuka ukizunguka hadi ukawa duara moja la bluu, na uso wa dada katikati yake. Roho yangu ilikuwa mkononi. Haukuanguka.

"Tiketi atakata mwingine," kiongozi akasema.

Dada akashuka akitweta, akamwendea mumewe.

"Haya, fundi. Upanga umekaaje?"

"Sijui," shemeji akasema. "Sikuuangalia upanga. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Dada akamkazia macho.

"Ndiyo umeanza leo?"