Mzee Koma na Diski D

Pale kiwandani walipochapa vitabu vya shule na kalenda, jina lake la kuzaliwa lilisahaulika mwaka wa kwanza tu. Waliobaki nalo walikuwa mkewe na karani wa mishahara. Wengine wote walimwita Mzee Koma, hata kabla hajaota mvi, kwa sababu siku moja alisimamisha mtambo uliokwisha kumeza karatasi elfu mbili, kisa koma moja iliyokaa pasipo pake. Mpiga chapa alipokuja kulalamika, alimjibu kwa neno lilelile, "Koma," na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa anataja kosa au anamkemea mtu. Jina likamganda kama wino.

Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa. Miaka thelathini na minne alikaa mbele ya meza moja, rula mkononi, akishuka mstari baada ya mstari, akitafuta pale mwenzake alipoteleza. Kazi hiyo ilimpa jicho kali, lakini ilimzoesha jambo moja baya: kosa, siku zote, lilikuwa la mtu mwingine.

Alistaafu akarudi nyumbani kwake kwenye vyumba vinne, akiishi na mkewe, mwanawe wa pekee ambaye ni fundi wa majokofu, na mkamwana wake, mwalimu wa chekechea. Mkewe alikuwa muuguzi, na ndiye aliyekuwa daftari la ukoo. Ukitaka kujua shangazi fulani aliolewa wapi, au kwa nini binamu wawili hawaamkiani, ulimwendea yeye. Figo zilipoanza kumsumbua na kila mtu akawa anajua kinachokuja ila hakisemi, mkamwana ndiye aliyesema. Alikuja na simu yake, akaketi kitandani, akamwambia, "Mama, wewe ukinyamaza sisi tutaoana ndugu kwa ndugu bila kujua. Niambie, nirekodi."

Wakarekodi miezi mitano. Siku nyingine robo saa, siku nyingine dakika mbili, kikohozi kikikatiza. Zilifika rekodi arobaini na moja. Mama alipofariki, mwana alizihamishia kwenye diski ya nje, kijisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, akakichomeka kwenye kompyuta ya sebuleni. Juu ya skrini akamwekea baba yake alama moja iliyoandikwa MAMA. "Baba, wewe bofya hapa tu," alimwambia. "Ikikataa, fungua Diski D. Zote zimo humo."

Basi ikawa ndiyo desturi ya mzee. Kila asubuhi, chai ikiisha, aliketi, akabofya, akasikiliza rekodi moja. Moja tu. Alizifanyia ubahili, maana alijua haitakuja ya arobaini na mbili.

Mwaka ulipita hivyo. Mkamwana alikuwa amejiunga na masomo ya stashahada kwa njia ya posta, na mazoezi yake aliyachapa kwenye kompyuta ileile. Alikuwa na diski yake ndogo, nyembamba, ya kuhifadhia kazi za chuo. Alfajiri moja, akikimbizana na muda, alifuta vumbi mezani, akazichomoa kebo zote, akachomeka ya kwake kwanza, kisha akairudisha ya mzee mahali pake. Akachapa, akahifadhi, akakata faili huku, akazibandika kule, akasahau diski yake nyuma ya skrini, akaenda kazini.

Mzee alipokuja na kikombe chake, alibofya MAMA. Kompyuta ikamwambia haioni kitu. Akabofya tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu. Ndipo akakumbuka alivyofundishwa. Akafungua Diski D.

Ndani yake alikuta Zoezi la Kwanza. Zoezi la Pili. Malezi ya Mtoto wa Miaka Mitatu. Jina la mkamwana juu ya kila ukurasa. Alishuka orodha yote, mstari kwa mstari, kama alivyoshuka prufu maisha yake yote, na sauti ya mkewe haikuwamo hata moja.

Mkamwana aliporudi saa nane, alimkuta mzee amesimama katikati ya sebule.

"Umefuta sauti za mke wangu ukaweka karatasi zako," alisema.

"Nani, Baba? Mimi?"

"D nimeifungua kwa mkono wangu. Kazi zako zimejaa humo."

"Baba, sijafuta kitu. Hebu nipishe niangalie."

"Usiguse." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Makosa ya watu nimeyasoma miaka thelathini na minne. Kosa nikiliona nalijua, na mwenye nalo namjua."

"Lakini Baba, mimi ndiye niliye..."

"Koma."

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja. Alimwambia mambo ambayo hata kuyasimulia ni aibu: kwamba alingoja mama afe ili nyumba iwe yake, kwamba mtu asiye wa damu haoni uchungu. Alichomoa diski ya mkewe, akaiviringisha kwenye leso, akaifungia kwenye droo ya kabati. Ile nyembamba akaisukuma upande wa pili wa meza bila kuitazama, kama mtu anayesogeza uchafu.

Mwana alirejea baada ya siku tisa, alikuwa mji mwingine akifunga vyumba vya baridi vya machinjio. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akamwomba baba yake, "Nipe hiyo diski niiangalie."

"Iangaliwe nini? Kaburi halichunguliwi."

"Baba, labda..."

"Unataka kumtetea, mtetee ukiwa kwako."

Mwisho wa juma lile wakahama. Mkamwana alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mzee hakuambiwa. Kabla ya kutoka alipiga goti mlangoni, akaaga kwa adabu zote. Mzee alikuwa anasoma gazeti. Aliligeuza ukurasa.

Miaka miwili si mingi kwa mtu mwenye shughuli. Kwa mzee aliyebaki na vyumba vinne na redio, ni mingi mno. Mwana alikuwa akija peke yake, anakaa nusu saa, anaangalia jokofu kama linagandisha, anaondoka. Mtoto wa kike alizaliwa. Mzee alimwona mara moja kwenye msiba wa jirani, amebebwa mgongoni, usingizini. Wahenga waliposema majuto ni mjukuu hawakuwa wanamsema mtoto huyu, lakini aliyemwona mzee akitembea nyuma ya ule mgongo siku ile angedhani hivyo.

Ilikuwa kompyuta yenyewe iliyolifumua jambo. Ilianza kupata joto na kujizima, na mzee akamwita fundi, mama mmoja wa makamo mwenye duka karibu na posta, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi na aliyeongea na mashine zaidi kuliko alivyoongea na watu. Aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Hii inataka kusafishwa yote, mzee, hata programu. Una mahali pa kuweka mafaili yako kwanza?"

"Kuna diski tupu kabatini. Tumia hiyo. Ifute kabisa ukitaka."

Aliileta mwenyewe, bado imo kwenye leso. Kwa nini alisema ifutwe, hata yeye baadaye hakuweza kujieleza. Labda alichoka kuwa na kaburi ndani ya droo.

Fundi alichomeka. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, kisha akakiondoa.

"Mzee, hii si tupu."

"Ni tupu."

"Ina mafaili arobaini na moja. Ya sauti."

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alisoma orodha: Ukoo wa Baba, moja. Ukoo wa Baba, mbili. Harusi ya Shangazi Mkubwa. Alishuka mpaka chini, akapanda tena. Halafu akaonyesha kona ya skrini kwa kidole.

"Hapa pameandikwa E. Ya mke wangu ilikuwa D."

"Ndiyo, sasa ni E. Siku moja ilichomekwa nyingine kabla yake?"

"Sijui." Kisha, kwa shida, "Ndiyo. Ilikuwapo nyingine."

"Basi ndiyo hivyo. Hizi herufi ni kama viti, mzee. Kompyuta humpa kiti aliyetangulia kuingia. Iliyotangulia ilikaa kwenye D, hii yako ikasogezwa E, na kompyuta ikakariri hivyo hata ile nyingine ilipoondoka. Mafaili hayakuguswa, ila ile alama yako ya kwenye skrini iliendelea kuyatafuta kwenye kiti cha zamani. Nikupangie upya?"

Hakungoja jibu. Alifungua dirisha la kusimamia diski, akaichagua ile yenye E, akaiambia kompyuta iibadilishe herufi iwe D, akakubali onyo lililotokea, ikawa D.

"Na jina lake halisi linasomeka Diski Mpya. Ndivyo ilivyotoka dukani, hakuna aliyelibadilisha. Ipe jina lake, ili hata herufi ikihama tena uitambue. Niandike nini?"

"Andika Mama," alisema mzee.

Fundi akaandika. Yote hayo hayakufika dakika tatu. Kisha akabofya ile alama ya kwenye skrini kuona kama inafunguka, na sauti ikatoka katikati ya maneno, ya mwanamke anayevuta pumzi kwa taabu: "...huyo wa pili hakuolewa, alikataa wachumba wanne..." Na baada yake sauti nyingine, changa, inayocheka: "Wanne, Mama? Kwa nini?" Na ile ya kwanza: "Andika wanne. Usiniulize kwa nini, mkweo atasikia."

Fundi alimtazama mzee, akakumbuka kwamba ameacha kitu dukani, akatoka.

Mzee alizisikiliza zote siku ile, bila ubahili. Katika kila moja walikuwa wawili. Alikuwa akijua hivyo tangu zamani, ndiyo, lakini masikio yake yalikuwa yakichambua moja na kuitupa nyingine, kama mtu anayepepeta. Safari hii alimsikia mkamwana akimpa mgonjwa maji, akimwekea mto, akimwambia, "Pumzika kwanza, Mama," na mkewe akijibu, "Nikipumzika nitasahau. Na wewe nani atakuambia?" Akaelewa kwamba alimshitaki mtu kwa kufuta jambo ambalo bila mtu huyo lisingekuwapo.

Kesho yake asubuhi alivaa koti la kazini, akaenda kwao kwa miguu. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya zahanati. Mkamwana alikuwa anaanika nguo. Alipomwona aliweka beseni chini, akapangusa mikono, akapiga goti lilelile.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Mimi ndiye wa kupiga goti, ila haya magoti yakishuka hayapandi."

Hakucheka. Alimletea kiti, naye akabaki amesimama. Mzee akamweleza: fundi, herufi, kiti cha D na kiti cha E, mafaili arobaini na moja. Hakupunguza neno. Alipomaliza alisema, "Hukufuta kitu. Ulisema hukufuta, nikakukomesha. Nimekukosea, na sina pa kujifichia."

Mkamwana alipangusa tena mikono iliyokwisha kukauka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Zote zipo?"

"Zote."

Ndipo akakaa chini, karibu na beseni.

"Baba, unajua nini," alisema. "Siku ile nilikuwa na hakika. Wiki ya pili nikaanza kujiuliza. Nilikuwa nakata faili na kubandika haraka haraka, nikasema, huenda. Mwezi wa tatu nikaamini. Nikaamini kwamba mimi ndiye niliyemuua Mama mara ya pili. Mume wangu akiniambia siyo, namwona ananihurumia tu. Chuo nikakiacha. Kila nikifungua kompyuta, naogopa kugusa kitufe nisije nikafuta kitu cha mtu."

Mzee hakuwa amelifikiria hilo. Alikuja amejiandaa kwa hasira, hata kwa kufukuzwa; alidhani deni lake ni matusi ya siku moja. Hakujua kwamba aliliacha kosa ndani ya mtu, likasomwa kila siku kwa miaka miwili kana kwamba ni sahihi.

"Rudi chuo," alisema. "Nitakusaidia. Meza ipo, kompyuta ipo."

"Hapana, Baba. Nafasi ile ilikwisha, na mimi nimeshazoea hivi."

"Basi rudini nyumbani."

"Tutakuja kukusalimia," alijibu, kwa adabu ambayo haikuacha mlango wazi wala kuufunga.

Walikuja kweli, baada ya wiki tatu, na tangu hapo huja kila mwezi. Mtoto alichukua muda kumzoea babu. Ziara mbili za kwanza alilia akionyeshwa uso wa mzee, na hakuna aliyemlazimisha. Mkamwana alipewa nakala ya rekodi zote. Amesikiliza chache. Anasema sauti yake mwenyewe ya wakati ule inamchoma, ilikuwa ya mtu asiye na wasiwasi.

Kuishi pamoja hawakurudi tena. Wageni wakimuuliza mzee imekuwaje anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa vile, hasingizii kazi za mwanawe wala tabia za vijana. Anawaambia kwamba alimfukuza mkamwana wake kwa kosa ambalo halikutendeka, kwamba aliombwa mara mbili diski iangaliwe akakataa, kisha anawauliza kama watakunywa chai.