Uso wa Bibi, Mikono ya Binti

Kuna siku moja ambayo hunijia kichwani kila nikishika sponji, mdogo wangu Jeni, na leo nakuandikia hiyo. Najua nasaha ni kazi ya wenye mvi. Mimi mvi ninazo kwenye kopo tu, za kuwapaka watu. Lakini umemaliza kidato cha nne, umeniambia unataka kuja Kasulu nikufundishe kuwatengenezea waigizaji vidonda, makovu na uzee, tena unataka uanze wiki ijayo. Hiyo haraka naijua, ni yangu kabisa. Kwa hiyo tulia hapohapo Kibondo, soma mpaka mwisho, ndiyo upange begi.

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, kule Titye. Daudi, dairekta wetu, alikuwa anarekodi tamthilia ya familia moja ya hukuhuku kwetu. Mama mtu mzima aliyepangwa kuwa bibi wa ile familia akajitoa, magoti yanamsumbua. Wazee wengine tuliowaomba walikataa kukaa mbele ya kamera. Mimi, bila kupumua, nikaropoka: "Nipe Ester. Nitamfanya bibi."

Ester ni rafiki yangu, tulisoma darasa moja. Kwao walitoka Burundi zamani, siku hizi ni raia, wanauza vitenge mjini. Kwenye tamthilia zote za Daudi alikuwa anapita tu nyuma na ndoo kichwani. Hajawahi kupewa hata neno moja la kusema.

Daudi akaguna. "Haya. Mtengeneze, tumpitishe gulioni. Watu wakimwamkia kama bibi wa kweli, nafasi ni yake na kazi ni yako. Wakimstukia, naita fundi wa Dar, aje na bibi wake."

Yaani wote wawili tungerudi kwenye ndoo.

Sasa nikueleze kidogo, maana najua unataka kujua. Uzee haupakwi kama poda. Unaivuta ngozi ya shavu kwa vidole, unagongagonga juu yake mpira wa majimaji kwa sponji, unakausha, unapiga poda, ndipo unaachia. Ngozi ikirudi mahali pake, inajikunja yenyewe. Mara ya kwanza kuiona nilicheka peke yangu. Nikaanza kuwatazama wazee kanisani badala ya kusikiliza mahubiri: huyu mikunjo inaanzia wapi? Yule mbona shavu moja limelala kuliko jingine? Analalia upande huo? Nilitamani kuwauliza wote.

Nilimkalisha Ester asubuhi mapema. Paji la uso, macho, mdomo, shingo. Nikampaka mvi kwenye nyusi, nikamfunga kitambaa, nikampa kitenge cha mama yake kilichopauka. Ikabaki mikono. Mikono, Jeni, inaudhi. Mtu haachi kuitumia. Akikunja kidole kabla haujakauka, mpira unachanika, unaanza upya. Na nje Daudi anapiga honi ya pikipiki, pii, pii. Nikasema ah, nani anaangalia mikono? Nikaisugua majivu kidogo, tukaondoka.

Nani anaangalia mikono! Kwa Waha! Watu ambao salamu yao yenyewe ni mikono! Wewe umekulia humu, unajua mtu anavyoinama, anapiga viganja taratibu, anauliza watoto, anauliza shamba, ukidhani kamaliza anaanza tena. Mimi nilikuwa naijua hiyo tangu utotoni, na asubuhi ile sikuikumbuka hata kidogo. Wanasema karibu na jicho hakuonekani, ndiyo hivyo.

Mwanzoni ilikwenda vizuri mpaka nikajifinya. Vijana wakampisha Ester njia. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Mama muuza dagaa akamtolea kigoda chake mwenyewe. Daudi, amesimama pembeni anajifanya anaongea na simu, akaninyooshea dole gumba.

Ndipo akaja Bibi Skola. Huyu anauza maharage pale gulioni, ni mtu mzima hasa, vitukuu anavyo. Sasa mimi kwa kiherehere changu mikunjo ya Ester nilikuwa nimeizidisha, kwa hiyo Bibi Skola akaona aliyekaa pale ni mkubwa kwake. Akaweka fimbo chini. Akainama, akapiga viganja polepole, akamwamkia kwa Kiha. "Mwakeye."

Ester akanitupia jicho. Daudi alishamkanya: hata iweje, asitoke kwenye ubibi. Basi akajikaza, sauti imekwaruza vizuri kabisa: "Mwakeye neza, mwanangu."

Mwanangu! Kwa mama mwenye vitukuu!

Bibi Skola akamshika mikono. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena. "Wewe," akasema, "mikono hii ni ya nani?"

Mama wa dagaa akauliza, "Kwani ana nini?"

"Hajawahi kushika jembe huyu. Uso wa mama yangu, mikono ya kitukuu changu."

Watu wakaanza kusogea. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Si nilisema! Nilimwona tangu kule, si mtu huyo, kabadilisha sura!" Hapo, Jeni, alikuwa anamwita mchawi. Unajua neno kama hilo linavyotembea gulioni, na unajua linaweza kuishia wapi. Nikarukia katikati, maneno yananitoka kama maharage yaliyopasua gunia: bibi, ni rangi, bibi, ni mpira, tunaigiza, huyu ni Ester, kwao wanauza vitenge, mimi ndiye fundi!

"Nyamaza kwanza, wewe mdomo redio," Bibi Skola akasema. Akamgeukia yule kijana. "Na wewe, mchawi gani anabadilisha uso halafu anasahau mikono? Kaendeshe pikipiki yako."

Watu wakacheka. Nikapumua. Lakini yeye hakucheka. "Huyu mtoto amepokea salamu yangu. Nimemwinamia na goti langu hili. Airudishe."

Ester akatoka kwenye kigoda. Akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya gulio zima, na ule uso wake wa kizee, akapiga viganja, akamwamkia Bibi Skola mwanzo mpaka mwisho kwa Kirundi cha kwao, akataja jina lake, la baba yake na la mama yake. Machozi yalimchora mistari kwenye poda. Bibi akaipokea yote, bila haraka, ndipo akamwambia inuka.

Halafu akaniita mimi. "Fundi. Mikono uliiachia nini?"

"Haikauki haraka, bibi. Na tulikuwa tumechelewa."

Akaniangalia sana. "Mwanangu, huu uzee wangu nimeulimia maisha yote. Wewe uliutaka kwa asubuhi moja, na hiyo asubuhi moja nayo hukuimaliza."

Ila yeye hakuniacha pale. Akainama kwenye shavu la Ester, akalivuta ukingoni kwa kucha. "Kumbe kinatoka! Kinauma? Kinanuka samaki. Na mimi unaweza kuniondolea wangu hivi?"

"Hapana, bibi. Mimi najua kuongeza tu."

"Basi wewe na Mungu mmefundishwa darasa moja."

Daudi alikuwa ameshasogea, macho yanamng'aa, na hakuwa anamwangalia Ester. Akamwambia Bibi Skola aje yeye mwenyewe awe bibi wa tamthilia, hatahitaji fundi wala mpira. Ester akainamisha kichwa, akaanza kujibandua kidevu taratibu.

"Mimi niigize bibi?" akasema Bibi Skola. "Si ndiyo kazi ninayofanya kila siku? Nani atauza maharage? Mpe huyu. Amepiga magoti mbele ya watu, mwigizaji gani mwingine unamtaka? Ila msirudi gulioni kuokota heshima ya watu. Njooni kwangu kesho, mseme majina yenu mlangoni, na fundi aje kuangalia mikono."

Tukaenda. Tukasema majina mlangoni. Siku ile niliishika mikono ya Bibi Skola kama mtu aliyepewa kitabu. Ukiifinya ngozi ya juu inabaki imesimama, kisha inarudi kwa kusitasita. Dole gumba la kulia limevimba kwenye kiungo, kuna baka jeupe la mawese yaliyomrukia jikoni. Nikauliza hili la nini, na hili, na hili. "Unauliza kama karani wa sensa," akalalamika, lakini alikuwa anajibu.

Nikamtengeneza Ester taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili. Nilipomaliza, Bibi akaweka wake kando ya ile miwili, akatazama. "Umeilimisha sawasawa yote miwili. Mtu anayelima kwa kulia, kushoto kunazeeka hivyo?"

Alikuwa sahihi. Daudi mlangoni: "Neema, jua linakwenda! Inatosha, nani ataona?"

Mdogo wangu, yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na yalinikera kuyasikia. Nikauvua mpira wote wa mkono wa kushoto, nikaanza upya. Nikamwambia, "Subiri." Sikumwomba. Daudi akaenda kukaa kwenye kinu kilicholazwa uani. Akasubiri. Jioni ile alirekodi salamu tu, mikono miwili imejaa kioo kizima, na fundi wa Dar hakupigiwa simu.

Basi njoo, Jeni, sikukatazi. Lakini ujue kwamba kazi yetu ni ya kuazima: makovu ya watu, mikunjo ya watu. Vya watu huombwa. Kuuliza si ujinga, na heshima si utumwa. Usimvalishe mtu umri halafu ukampeleka akapokee shikamoo isiyo yake. Usimtengeneze mtu ambaye hujataka kujua anatumia mkono gani. Na ukiona kazi inakawia kukauka, ujue inakuambia kitu, ikalie hapohapo. Mimi bado inanishinda siku nyingine, nakuandikia huku nikijiandikia.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa. Akupe wazee watakaokuambia ukweli mbele yako. Na siku mikunjo yako mwenyewe itakapofika, ikukute mzima, ikukute unacheka.