Mama Aligawa Nyumba Akingoja Ndege ya Marekani, Sasa Anaambiwa Akane Uislamu

Admin, ficha jina langu kabisa, hata picha usiweke, watu wa Doha tunajuana. Nina miaka ishirini na tatu, Mkenya, Muislamu, niko security kwa mall moja huku, nalala Al Rayyan kwa chumba cha kampuni. Shule niliacha form two, Kizungu nimejifunzia kwa simu, so nikichanganya maneno mnisamehe. Kichwa yangu haiko sawa.

Marehemu baba alikuwa Mkenya, ndio mimi nikapata kitambulisho. Mama ni mkimbizi kutoka Somalia, amekaa kambini huko kaskazini mwa Kenya tangu kabla nizaliwe. Yuko na dada yangu mdogo tuliyechangia mama, wacha nimwite Ifrah. Kesi yao ya kwenda Marekani ilianza nikiwa primary. Intavyuu, hospitali, alama za vidole, halafu intavyuu tena. Mama aliulizwa maswali wallahi ilibaki tu jina la mbuzi wa babu yake.

Halafu wakaitwa. Ndege iko! Niliruka kwa geti mpaka mudir, bosi wetu, akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Sasa muelewe kitu moja. Kule kambini mtu akipata ndege hauzi vitu vyake, anagawa. Kuuza ni aibu, watu watasema umesahau nani alikupa maji siku huna. Mama akagawa godoro, sufuria, mitungi, mbuzi. Nyumba yenyewe, ile ya mabati tulijenga na mshahara wangu wa kwanza wa Doha, akampa jirani mmoja mjane ako na watoto wengi. Wakasomewa dua, wakapanda basi na kibegi kila mtu.

Kufika Nairobi wakaambiwa ngojeni. Wakangoja. Halafu wakaambiwa wakubwa wa Marekani wamefunga mlango, wakimbizi hawatakiwi, rudini mlikotoka. Ati mlikotoka! Kambini ama Somalia?

Wakarudi. Na kule kitu ukishapeana huombi tena. Yule mjane alilia, akasema, "Chukueni nyumba yenu." Mama akakataa katakata. Sahi mama na Ifrah wanalala jikoni kwa nyumba waliyoigawa wenyewe, na mama akitaka sufuria anaomba kwanza. Chakula cha msaada walishaondolewa, walihesabiwa wameenda. Ifrah ameacha shule juu watoto wanamuita Miss Amerika.

Mama ana kaka yake huko Marekani. Alienda zamani kama mkimbizi, sasa ni raia, anaendesha lori. Nilimpigia nikilia. Akanieleza vile mji wao umegeuka. Wanasiasa kila siku kwa redio, ati Waislamu ni magaidi, wakimbizi wanakula pesa za wenyewe. Mke wake aliambiwa "rudi kwenu" dukani mbele ya watoto, na watoto wamezaliwa hapo hapo. Msikiti wao umeandikwa matusi ukutani. Nikasema alhamdulillah, huyu ananielewa. Kumbe anaelekea kwingine.

"Sikiza mwanangu, njia ni moja. Kuna kanisa hapa, watu wazuri sana, wanatafuta Wakristo wanaoteswa wawasaidie. Mama yako aseme ameokoka. Aseme Waislamu wa kambini wanamwinda. Hao watapigia serikali kelele kwa ajili yake mpaka mlango ufunguke."

"Nani anamwinda mjomba? Si ni hao hao wamempa jikoni?"

"Unataka ukweli ama unataka mama yako atoke? Huku wanaogopa hilo neno Muislamu. Mtoe hilo neno."

"Na wewe umelitoa?"

Akasema polepole, "Kazini wananiita Sam."

Chumbani kwetu kuna Brayo, Mkristo kabisa, lakini Ramadhan ndiye ananiwekea futari nikichelewa zamu. Nikamuomba anifundishe maneno ya wokovu nimtumie mama. Akanicheki usoni, akauliza:

"Wewe unaona ni kama kukariri namba ya basi? Wakimuuliza alibatizwa wapi atasema nini, alioga?"

Nikacheka, halafu machozi yakashuka yenyewe. Brayo akaniwekea chai. Akasema, "Lakini bro, angekuwa mathe wangu, ningemwambia aseme hata yeye ni Mhindu."

Jana nikaongea na mama. Nilifikiri atanitukana. Hakunitukana.

"Hooyo," aliniambia, vile wamama wa kwetu huwaita watoto wao, "ukisema niseme, nitasema. Mungu anajua moyo wangu. Lakini nikishasema hawa wananiwinda, halafu Marekani ikikataa tena, nitalala kwa nani?"

Ifrah akamnyang'anya simu. "Kaka, mimi nishakubali! Niite Grace! Nitoe hapa, tafadhali, nitoe tu!"

Jamani, sijala tangu hiyo simu. Mjomba anataka jibu kabla Jumapili, ndio akaongee na mchungaji. Kuwaleta Doha siwezi, mshahara wa security hauruhusu familia. Nikisema ndiyo, namtuma mama akane dini yake na awasingizie watu waliomlaza. Nikisema hapana, Ifrah atazeekea jikoni mwa watu, na safari hii hatalaumu Marekani, atanilaumu mimi.

Mama amesema atafanya vile nitamwambia. Hiyo ndiyo inaniua. Waislamu, Wakristo, yeyote ako na mama, nawaomba, nitukaneni mkitaka lakini mnijibu: nimwambie aseme, ama nimwambie akae?