Kikapu Kilichokatwa Kitako

Nilifika uwanjani Muyeye, mtoto mgongoni, nikamkuta shoga yangu ana kisu mkononi anakikata kitako kikapu cha marehemu bibi yangu. Kikapu cha ukindu, alichokisuka bibi mwenyewe. Cha pili kilikuwa kimeshatobolewa, kinaning'inia ukutani. Hapo ndipo uvumilivu uliponiisha.

"Unafanya nini wewe?"

"Mpira hautoki, shoga. Wasichana kila saa ngazi, ngazi. Nimewarahisishia."

"Ndio mchezo wenyewe huo! Waache wapande!"

Huyu tulicheza naye timu moja sekondari. Lakini ni mimi niliyesoma kwenye daftari la mwalimu wetu wa michezo jinsi mpira wa kikapu ulivyoanza: mwalimu mmoja katika nchi ya baridi, wanafunzi hawawezi kutoka nje kwa theluji, akapigilia vikapu vya matunda juu ukutani, vikiwa na vitako vyake, wakacheza kwa mpira wa miguu. Ukifunga, mtu apande kuutoa. Ukidaka, husogei, utoe pasi papo hapo uliposimama. Kudundadunda hakuna. Ukimshika au kumsukuma mwenzio ni faulo, na upande mmoja ukifanya faulo tatu mfululizo, wapinzani wanapewa goli.

Nikasema wasichana wa mtaani kwetu nitawaanzisha hivyo hivyo, wajue kusimama na kutazama mwenzao yuko wapi. Wakajua. Timu ya Dabaso walikuja wakicheka ngazi yetu, wakaondoka wamefungwa.

Kisha nikajifungua. Siku arubaini nikakaa ndani, kama tunavyokaa. Nikamwita huyu, nikamkabidhi wasichana, vikapu, ngazi na filimbi. "Nishikie mpaka nitoke." Akasema, "Wallahi, siku utakayotoka nakurudishia."

Siku ya kisu ilikuwa ya arubaini na moja.

Wasichana walinisalimu kwa adabu: "Shikamoo, mama mtoto." Halafu wakamgeukia yeye: "Kochi, tuendelee?" Kochi! Jina hilo lilikuwa langu. Filimbi yangu shingoni mwake, anakimbia mstari mpaka mstari, tumbo bapa, fulana kavu. Yangu mimi ilikuwa imelowa maziwa. Nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma.

"Nipe filimbi yangu," nikasema.

"Shoga, mtoto mchanga huyo. Pumzika kwanza. Wasichana wamenizoea."

Mmoja wao akacheka. Sikumlaumu.

Sikupigana. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya michezo ya mtaa. "Andika, mwanangu," akasema, "maneno matupu kamati haiyajibu." Nikakaa barazani kwake, mtoto ananyonya, nikaandika:

"YAH: KUNYIMWA TIMU YANGU NA KUHARIBIWA VIKAPU

Mimi niliyeanzisha timu ya wasichana nalalamika rasmi. Niliyemwachia timu kwa siku arubaini za uzazi amekataa kuirudisha, na amekata vitako vya vikapu viwili bila idhini. Naomba nirudishiwe timu na filimbi. Vikapu avishone upya yeye mwenyewe, mbele ya wasichana, ndipo awe msaidizi wangu akipenda. Atawaambia nina wivu. Ninao, wala sikatai, lakini hilo haliifanyi timu kuwa yake. Kesho saa kumi alasiri nitakuwa uwanjani na mtoto wangu. Naomba nijibiwe kabla ya hapo."