Mbegu Zilizopika Uji

Jana jirani yangu hapa Kawangware aliunguza njugu. Moshi ulinikuta nikianika nguo, nikaziacha kwenye beseni, nikaketi mlangoni. Nawe ungeketi, rafiki yangu, kama ungelelewa na nyanya yangu kule mtaa wa mabanda wa Kambi Muru.

Nyanya alikaanga njugu za kuuza Soko la Toi. Alizikaanga ndani ya mchanga ili joto lizifikie polepole, na kazi yangu ilikuwa kukoroga. Nikizubaa kidogo tu, nilimsikia: "Wee, koroga! Angalia njugu, usiniangalie mimi." Mwalimu wetu darasani ndiye aliyenieleza sababu. Njugu imejaa mafuta, alisema. Joto likizidi, mafuta hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Akadunga moja kwenye pini, akaiwasha. Iliwaka hata baada ya kijiti cha kiberiti kuzimika, nasi tukapiga makofi.

Kisha ikaja mvua ya mafuriko. Maji yaliingia nyumbani, makaa yakalowa, na mdogo wangu akabanwa na kifua, akitetemeka tangu asubuhi bila kitu moto tumboni. Jirani yetu wa huko alizunguka kutuombea makaa, akarudi kwa nyanya mikono mitupu. "Hakuna mtu ako na makaa kavu, mama. Nyumba zote za ploti zimeingia maji."

Kilichobaki kikavu ni mfuko ulioning'inia chini ya mabati. Ulikuwa na njugu ndogo nyekundu za mbegu, alizoachiwa nyanya na mama yake, naye akizitunza arudi kuzipanda ushago, kijijini kwao kando ya ziwa. Safari hiyo aliizungumzia kila siku. Niliogopa, lakini nikasema: "Nyanya, mwalimu alisema njugu inawaka."

Alinitazama, akamtazama mtoto, akauteremsha mfuko mwenyewe.

Tuliziwasha ndani ya mkebe, tukiongeza kidogo kidogo. Zilitoa moto wa manjano, masizi mengi na harufu hii hii ya jana. Nyanya alikoroga uji huku analia, wala hakujificha. Mfuko ulipoisha, mtoto alikuwa amekunywa na kulala.

Nyanya alirudishwa ushago akiwa maiti. Nyumba yetu ilibomolewa, na zile njugu ndogo nyekundu nimeziulizia Toi hadi kwao ziwani, hakuna anayezijua. Inaniuma sana.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, siku hizi ni mama wa watoto, nikamwambia juu ya ile harufu. Hakumbuki chochote. "Aki mimi," akasema, "njugu hata sipendi."