Kipimo cha Njano

Tangazo lilisomwa kanisani baada ya Misa, kati ya mchango wa paa na ndoa mbili. Kila kaya yenye dawa za kahawa zilizopitwa na wakati, makopo yake, betri kuukuu na chochote chenye sumu kilicholala stoo, ilete Jumamosi kwenye godauni la zamani la kahawa. Lori litapanda kutoka mjini kuja kuvichukua. Visimwagwe mfongoni, kwenye mfereji wetu wa maji, kwa kuwa walio chini wanakunywa maji hayo, na visizikwe kwenye migomba. Watu wakatazamana, maana huko kwenye migomba ndiko vilikozikwa siku zote.

Mimi nilisikia nusu. Baba alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita, na tangu siku ile nilikuwa nasikia kila kitu nusu. Nilifanya kazi mjini Moshi, nikipanda kijijini kwetu Uru kila Ijumaa kumwona Mama. Majirani walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza hata kidogo, nilikuwa nimekauka tu, na sifa zao ziliniudhi.

Jumamosi asubuhi Mama akanipa ufunguo wa stoo ya Baba. Haikuwa imefunguliwa tangu msiba.

"Katoe wewe," alisema. "Mimi nakwenda kukata majani ya ng'ombe."

Humo ndani kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Mrututu wa kupulizia mibuni ulikuwa umeganda ndani ya gunia, bluu na mgumu kama jiwe. Kulikuwa na chupa tano za dawa ya maji zisizo na lebo, mfuko wa betri za redio zilizovuja, na makopo manne ya dawa ya unga, ile ya kupulizia chulebuni, ugonjwa unaooza matunda ya kahawa. Baba aliacha kupulizia miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia na chama cha ushirika kikaacha kutukopesha dawa. Majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Yeye hakung'oa hata mmoja. Alisema kahawa itarudi, na dawa akazitunza ziisubiri.

Harufu ilikuwa ileile aliyokuwa akirudi nayo shambani, ya shati lake la kupulizia. Nikasimama pale nikiyasubiri machozi, nikijua kabisa kwamba mtu mwingine angelia. Hayakuja. Nikajifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikapakia vitu kwenye toroli.

Godauni lilikuwa na foleni ndefu kuliko siku yoyote ya kahawa niliyoikumbuka. Watu wengine walikuwa wamevaa nguo za kanisani, sijui kwa nini. Bwana shamba, kijana mwenye glavu ndefu na kitambaa puani, alipokea kopo mojamoja, akalinusa kwa mbali, akaandika, akalitia kwenye pipa. Kila kopo la unga lilipofika aliuliza swali lilelile.

"Na kipimo chake?"

"Kimepotea," alijibu mzee aliyekuwa mbele yangu.

"Na wewe, mama?"

"Mh! Cha siku hizo? Kimepotea."

Wote vilikuwa vimewapotea. Mezani kwake palikuwa na kimoja tu: kikombe kidogo cha plastiki ya njano, chenye mistari ya kupimia na mkono mfupi. Kila kopo jipya lilikuja na chake ndani, kimelala juu ya unga. Nilikitazama kikombe kile muda mrefu kidogo. Nilikuwa nimekiona kama hicho asubuhi hiyo hiyo, jikoni kwetu, ndani ya kopo la sukari.

Ilipofika zamu yangu, nami nilisema kimepotea.

Sikusema hivyo kwa woga. Sikuhisi woga. Neno lilikuwa limeshazoeleka pale, likatoka lenyewe. Kisha nikamuuliza, kama mtu anayeulizia jambo la jirani, ikiwa mtu amekiosha vizuri, kwa jivu na sabuni, na amekitumia miaka mingi nyumbani, kuna ubaya gani.

Akaacha kuandika. "Kutumia kwa nini?"

"Kwa mfano, sukari."

"Dada, mimi si daktari. Siwezi kukuambia kimefanya nini wala hakikufanya nini. Ila kisikae jikoni hata siku moja zaidi. Kileteni. Lori linaondoka saa tisa."

Nikarudi na toroli tupu. Njiani nilikumbuka jinsi kipimo kile kilivyoingia kwenye sukari, maana nilikuwapo. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari ikigawiwa na balozi wa nyumba kumi, kidogo sana, na sisi watoto tukigombana kwa kuhisi mwenzio amewekewa zaidi. Mama akakitoa kile kikombe stoo, akakisugua mpaka kikang'aa, akakianika juani siku mbili. Tangu hapo kila mtu alipata kipimo kimoja mbele ya macho ya wote, na ugomvi ukaisha. Baadaye sukari ikarudi, ikajaa kila duka, lakini kipimo hakikutoka. Sisi tukaongezwa kuwa viwili. Baba, aliyependa chai tamu kupita kiasi, aliwekewa vitatu, asubuhi na jioni.

Baba alikufa kwa figo. Hospitalini walituambia figo zimeshindwa, basi. Hakuna aliyetuambia zimeshindwa kwa nini, na sisi hatukuuliza. Sasa nilikuwa na jambo moja tu la kufanya: kukitoa kile kikombe kabla Mama hajasikia lile swali la bwana shamba. Angeanza kuhesabu. Vitatu asubuhi, vitatu jioni, mara miaka yote ile. Namjua mama yangu, asingeacha kuhesabu mpaka afe.

Nikamkuta bado hajarudi. Nikakichomoa kwenye sukari, nikakitia mfukoni mwa sketi, nikafunga kopo, nikateremka tena godauni karibu nikikimbia. Bwana shamba alikipokea. Nyuma yangu wanawake wengine watatu walikuwa wamerudi, kila mmoja amefumba kiganja, hatutazamani usoni. Vikombe vikadondoka ndani ya pipa kimoja baada ya kingine. Lori likaondoka saa tisa na dakika chache.

Saa kumi Mama alitenga chai. Alifungua kopo la sukari, mkono ukaingia, ukatafuta, ukasimama. Nikainamia kikombe changu. Akafunga kopo taratibu.

"Umewapa," alisema.

"Nimewapa."

Aliketi kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Baba yako aliniambia nikitoe. Mara moja tu, siku ile ile nilipokitia. Nikamwambia, kimeoshwa, unaona kinavyong'aa? Hakurudia tena. Akawa ananisogezea kikombe chake namwekea."

Pale ndipo nilipaswa kuhisi kitu. Nilikuwa na hasira kidogo, sijui kwa nani, labda kwa Baba, kwa kukubali kirahisi hivyo. Nikamwambia Mama uongo wa kumtuliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, ile ninayotumia ofisini.

"Nimemuuliza bwana shamba. Amesema kikishaoshwa vizuri hakina neno."

Mama akanitazama. Hakuwa na machozi wala hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi dukani na chenji pungufu.

"Basi kwa nini umekichukua nikiwa sipo?"

Nje ng'ombe alilia akitaka majani, na Mama hakuinuka. Nikanywa chai. Haikuwa na sukari, na kopo lilikuwa pale katikati yetu, na hakuna aliyenyoosha mkono.